Fundi Aliyekataa Kukata Pikapu ya Mama

Kilindoni nzima walimwita Fundi tu. Mafundi wapo wengi, wa cherehani, wa redio, wa mashine za boti, lakini ukisema "nampelekea Fundi" hakuna aliyekuuliza fundi gani. Jina lake nalijua. Siku moja kitambulisho kilimwanguka nikakiona, naye akakiokota mbio kama mtu aliyeangusha nguo ya ndani. Sitaliandika.

Wiki iliyopita binti yake amekuja kumchukua, wamevuka kwenda bara, kwa sababu macho yake hayaoni tena nati ndogo. Ndiyo maana nakaa kumwandika sasa. Mimi si msemaji. Niko kidato cha tatu na kuna mwalimu bado ananichanganya na msichana anayekaa nyuma yangu. Nikiwa na neno naliweka kwenye daftari hili. Na kwa Fundi nina neno, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameshika pikapu ya Mama mikononi, akate au asikate, na mimi nikawa nasubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Nimejaribu kumwandika tangu mwanzo hadi mwisho nimeshindwa. Nitaandika yanavyokuja.

Gereji yake ilikuwa njia ya uwanja wa ndege, ndani ya miti ya mivinje. Haikuwa na kibao. Uliijua kwa magari yaliyokufa, yamekaa juu ya matofali na magogo ya minazi, chumvi imeyala mpaka milango inapitisha mwanga. Mgeni alishtuka, na si kwa wingi wake. Alishtuka kwa sababu yote yalikuwa yameipa barabara mgongo. Fundi aliyageuza moja moja, kwa jeki na kwa kuomba watu wasukume, kisha taa za mbele akazivisha viroba na kuvifunga kamba. Baba alimuuliza mbele yangu kwa nini.

"Yakiiona njia yatahangaika," Fundi akajibu, huku anafuta spana.

Baba akacheka. Fundi hakucheka. Upepo ukipita kwenye mivinje vile viroba vilijaa na kunywea, vikajaa na kunywea, kama vinapumua, na mimi nilisogea kwa Baba mpaka nikamkanyaga.

Magari ya zamani aliyaamkia. Sitanii. Asubuhi aliweka begi la spana chini, akagusa boneti, akasema, "Shikamoo." Haya ya siku hizi aliyasemesha kama watoto, "Hujambo wewe?" Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kuomba upepo akamkuta katika hali hiyo, akashindwa kujizuia.

"Fundi, limesema marahaba?"

"Limesema. Na limeuliza yule aliyepita bila kuamkia ni mtoto wa nani."

"Liambie ni mtoto wa mjini."

"Nimeliambia. Linauliza mji upi, huu ambao mbuzi wanalala katikati ya barabara?"

Waliokuwapo wakacheka, na kijana akacheka pia. Lakini alipomaliza kujaza upepo nilimwona, akidhani hakuna anayemtazama, anaigusa ile boneti kwa vidole viwili, midomo inacheza.

Gari likiletwa, Fundi hakuuliza limeharibika nini. Aliuliza, "Limembeba nani?" Wenyeji tulizoea kujibu. Limebeba mwali wa Kiegeani. Limebeba magunia ya nazi. Limebeba mgonjwa kutoka Bweni akapona, limebeba mwingine hakupona. Alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia "ee, ee," ndipo akatandika gunia na kuingia chini. Alisema chuma kinashika uzito kilichouzoea, na fundi asiyejua uzito huo atakaza bolti mahali pasipouma.

Watumishi waliohamishwa kutoka bara ndio waliotaabika. Bwana mmoja wa ofisi za wilaya alileta gari jipya jipya, linagonga mahali pasipojulikana. Alipoulizwa limembeba nani akakunja uso.

"Mzee, mimi nimelinunua Dar. Nitajuaje limembeba nani?"

Fundi hakubishana. Alikuwa na kijiti cha mkoko, kirefu kama mkono, laini kwa kushikwa. Ncha moja aliiweka kwenye chesisi, nyingine sikioni, akafumba macho. Tulikuwa pale Baba na mimi, tumeleta tairi. Alikaa hivyo mpaka yule bwana akaanza kutazama saa.

"Kuna kitu cha mtoto humu," Fundi akasema.

"Kitu gani?"

"Sijakiona bado."

Akafungua plastiki ya ndani, juu ya tairi la nyuma. Kikaanguka kiatu kimoja cha mtoto, chekundu, cha kamba, kimeshikana na udongo mwekundu. Udongo huo kwetu haupo, kwetu ni mchanga. Yule bwana akapiga simu palepale kwa aliyemuuzia. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena. Fundi akakiangika kile kiatu kwenye msumari wa mlango, akasema, "Kilikuwa kinagonga tairi. Basi, imekwisha." Lakini yule bwana, tangu siku hiyo, sijamwona akiendesha peke yake. Hata kwenda dukani anambeba mtu.

Na mtu huyuhuyu alikuwa hataki kusikia habari za uchawi. Bibi yangu, mama yake Baba, akimletea hadithi za majini wa Chole, Fundi alimkata, "Bi mkubwa, uchawi ni bolti isiyokazwa." Hirizi zilizoning'inizwa kwenye vioo alizikata kwa kisu na kumkabidhi mwenye gari, "Inakuzibia njia, utagonga ng'ombe." Alichukia uongo, alimfukuza kabisa mteja aliyedai kabadilisha oili kumbe hajabadilisha. Ila yeye mwenyewe kila mtu alimwambia "njoo kesho asubuhi," na kesho yake ilichukua wiki mbili. Ijumaa alifunga gereji. Jumapili alifunga vilevile.

"Wewe Fundi ni wa dini gani hasa?" Bibi alimuuliza.

"Nafunga kila siku ambayo wenzangu wanamwogopa Mungu. Sitaki niwe mimi tu ndiye ninayepiga nyundo, atanitazama."

Bibi alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Baadaye njiani akaniambia, "Mtu huyo anaogopa kitu. Mtu mwenye utani wa namna ile anaogopa kitu." Bibi yangu hakusoma, ila watu anawasoma.

Sasa pikapu.

Baba anapeleka bidhaa maduka ya kaskazini, unga, mafuta, sabuni, anarudi na nazi na korosho, na wagonjwa bure. Kuanzia Kirongwe kwenda juu njia ni mchanga na mizizi, na mashimo yenye mawe ya matumbawe chini yake. Mama alikuwa anakwenda naye. Alikaa mbele kushoto, daftari la maduka mapajani, miguu amevua viatu. Pikapu ile ilikuwa ya miaka ya karibuni, nzuri, mbele ina miguu laini, kila tairi na mguu wake, na Mama ndiye aliyeichagua. Alisema gari la zamani linamtikisa nyonga.

Ilivunjikia njia ya kwenda kijiji cha Kanga. Kiungo cha mguu wa mbele wa kushoto kilichomoka, tairi likalala kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Na siku hiyo Mama alikuwa anaumwa, homa na tumbo, ndiyo walikuwa wanawahi hospitali. Walikaa kwenye mchanga tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi kabla ya kupata gari lingine. Mama hakuiona asubuhi.

Baba alitengeneza ule mguu, akaendelea na kazi, kwa sababu tutakula nini. Miezi sita baadaye ukachomoka tena, palepale kushoto, na nyuma kulikuwa na mama mjamzito. Alijifungua salama kwenye nyumba ya mtu. Lakini Baba alirudi nyumbani hana rangi. Kesho yake akaenda kwa Fundi, nami nikafuatana naye.

"Nataka uikate miguu yote ya mbele," Baba akasema. "Uitoe. Uweke ekseli nzima, ile ya gari bovu pale kwako. Sitaki kuiona tena hiyo miguu."

Mimi sikuwa najua tofauti. Fundi aliniona natazama tu, akaenda kuchukua mti akauweka begani kama mzega, ndoo mbili za maji huku na huku.

"Tazama mwanangu. Ndoo hii ikipanda, ile inashuka. Mti ni mmoja, moja haiwezi kuanguka mwenzake asijue. Hiyo ndiyo ekseli nzima. Ni ngumu, inakutikisa, lakini haina vingi vya kuchomoka. Pikapu yenu ni watu wawili, kila mmoja na ndoo yake mkononi. Kwenye lami wanakwenda vizuri, maji hayamwagiki. Njia ikiwa mbaya, mmoja akiumia kifundo, mwenzake hana habari."

"Ndiyo maana nasema kata," Baba akasema.

"Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata hii. Ya pili ni kununua lililotoka kiwandani na mzega wake. Lipo moja mjini linauzwa."

Baba alijua ni lipi. Mji mzima unalijua. Pikapu ndefu ya zamani, rangi ya maziwa yaliyochacha, ya mwenye mashamba ya minazi aliyekuwa anahamia kwa wanawe bara. Mzee huyo hakuwa mchoyo, na gari lake halijawahi kukwama, masika wala kiangazi, kwa hiyo kila aliyefia Kilindoni na kuzikwa kijijini alibebwa na hilo. Watu wakiliona wanasema "inna lillahi" hata likiwa limebeba mabati. Watoto wa mtaani wakaliita Inna. Mama naye lilimbeba, kumpeleka kwao Kirongwe. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Mama wa mwisho niliyemwona mimi ni bodi la nyuma la Inna na migongo ya wanaume.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Gari moja lilimbeba akiwa hai likamwacha njiani. La pili lilimbeba akiwa amekwisha likamfikisha. Baba atachagua. Akichagua la kwanza litakatwa mbele mpaka lisijulikane, na kiti cha Mama kitainuliwa kupisha chuma. Mimi sikutaka likatwe, sikutaka liuzwe, na sikuweza kusema lolote.

"Lile la maiti sitaki," Baba akasema. "Kata hili."

"Nipe siku nne nilipime."

Kupima kwake ndiko kulikokuwa kugumu. Fundi alikuwa hakati gari kabla hajalipima na watu wake wamo, kila mtu mahali pake pa siku zote, na mzigo wake nyuma. Alisema gari tupu linadanganya. Alipima kwa mshipi wa kuvulia wenye mafundo, kutoka ukingo wa bodi hadi katikati ya tairi, kulia kisha kushoto.

Siku ya kwanza aliipima tupu. Kushoto ilikuwa chini kwa vidole viwili. Akasema springi imechoka, akaibadilisha mbele yetu, akasawazisha. Siku ya pili tulipofika, vidole viwili vilevile. Akachutama, akaikagua springi mpya, akaigonga, ikalia vizuri. Akasawazisha tena, akaondoa jeki mwenyewe, akaweka alama ya chokaa. Siku ya tatu alama ilikuwa imezama.

"Mchanga umebonyea," Baba akasema.

"Nimeweka mbao chini," Fundi akasema taratibu. Kadiri alivyokaribia gari ndivyo sauti yake ilivyopungua, nilimjua kwa hilo.

Siku ya nne akatwambia tupande. Tulipakia magunia sita ya unga nyuma. Baba akakaa kwenye usukani. Mimi nikapanda nyuma juu ya magunia, maana hapo ndipo pangu, toka zamani. Fundi akapita na mshipi wake, kulia, kushoto. Akasimama dirishani.

"Mmepanda wote?"

"Tumepanda," Baba akasema.

"Kiti cha mbele?"

Baba akatazama mbele. Tangu Mama afe hakuna aliyekalia kiti kile. Baba aliweka pale kanga yake na chupa ya maji, na abiria akitaka kukaa mbele anamwambia kiti kibovu.

"Mwanangu, njoo ukae hapa," Fundi akaniambia.

Nilishuka. Niliuona mlango ule uko mbali. Nikaisogeza kanga, nikakaa. Kiti kilikuwa na shimo la mtu mpana kuliko mimi, na lilikuwa na joto. Najua jua lilikuwa linapiga kupitia kioo. Naandika tu kwamba lilikuwa na joto.

Fundi akachutama kushoto na mshipi wake. Alikaa pale muda mrefu.

"Shuka," akasema.

Nikashuka.

"Panda tena."

Nikapanda.

"Shuka."

Baba akatoa kichwa dirishani. "Fundi, unamchezea mtoto?"

"Shuka na wewe, uone mwenyewe."

Baba akazunguka. Mimi nikapanda na kushuka mara mbili zaidi, na wote wawili wamechutama kama watu wanaotafuta pete iliyoanguka. Nikikaa, upande wa kushoto ulipanda juu. Nikishuka, ulizama. Kinyume. Kama kwamba nikipanda mimi kuna anayenipisha.

Viroba kwenye taa za yale magari mengine vikajaa, vikanywea. Fundi akaukunja mshipi, fundo kwa fundo, akautia mfukoni.

"Silikati hili," akasema.

"Kwa sababu ya hicho?" Sauti ya Baba ilikuwa imepasuka.

"Nina sababu nyingine ukizitaka. Chesisi hii haikuumbwa kubeba ekseli, nitachomelea vyuma vipya, usukani nitaugeuza, breki nitaunga. Litapanda mchanga, sikatai. Lakini litakuwa gari lisilo na ndugu. Likiharibika mimi sipo, fundi mwingine atafungua kisha atafunga, hatajua niliwaza nini. Lile la zamani kila fundi kisiwani analijua. Chukua lile. Hili mpe mtu wa lami, wa njia ya Utende, litamtumikia."

"Kazi ya mwezi mzima nakupa, unaikataa?"

"Naikataa."

"Basi nitalivusha bara. Huko watakata bila kuuliza limembeba nani."

Na Baba si mtu wa maneno matupu. Jioni ileile alipiga simu kuulizia nafasi kwenye kivuko cha kwenda Nyamisati, bara. Wakapatana siku. Nyumbani Bibi ndiye aliyeongea kwa niaba yetu sote, akipakua wali.

"Ukilivusha, vusha. Ila hilo Inna usiniletee uani. Mimi gari la maiti silipandi."

"Hakuna anayelileta, Mama," Baba akasema.

"Nitalipanda siku yangu, tena nitalala, sitauliza nauli."

"Mama!"

"Nini? Nimesema uongo? Wewe umekwisha kulipanda, ulikaa ubavuni kwa mkeo. Lilikuuma?"

Baba akaacha kula. Mimi nilikuwa naosha bakuli ambalo lilikwisha takata. Siku mbili nilizunguka na neno moja mdomoni, naliweka tayari, Baba akitokea nalimeza. Niliandika kwenye karatasi nimpe, nikaichana. Siku ya kuvusha, asubuhi, alikuwa ameshalifunua gari turubai, ufunguo uko mkononi, ndipo nikasikia sauti, kumbe yangu.

"Baba. Nunua Inna."

Akageuka kama aliyeitwa na mtu wa barabarani.

"Unasemaje?"

"Usimkate." Nilitaka kusema usilikate. "Nunua lile."

Akanitazama sana. Tangu nizaliwe sijawahi kumwomba Baba kitu zaidi ya kalamu. Hakuuliza sababu. Alikaa kwenye kizingiti, ufunguo mapajani, mpaka kivuko kikaondoka.

Pikapu ya Mama ilinunuliwa na mwenye duka wa Utende. Inakwenda kwenye lami tu. Fundi aliipima mbele yake siku ya kukabidhiana, mimi nimekaa kiti cha mbele kwa mara ya mwisho, na niliposhuka haikuzama. Mwenye duka akauliza mbona tunapima sana. Fundi akamwambia, "Tunahakikisha hatukusahau kitu."

Inna sasa inapeleka unga Bweni. Inatikisa kweli, jino linaweza kutoka. Haijakwama. Bibi alikaa wiki tatu hajaipanda, kisha siku moja alitaka kwenda Kirongwe arusini, hakukuwa na gari lingine, akapanda huku anaisemesha, "Leo si ile siku, tusikilizane."

Nilimwona Fundi kwa mara ya mwisho siku tatu kabla hajavuka. Baba alinituma na dereva anayemsaidia siku hizi tupeleke Inna ipigwe grisi. Dereva akaenda kununua sigara. Fundi alikuwa anatafuta tundu la grisi kwa vidole, macho yametazama pembeni, kama mtu anayesikiliza.

"Ni wewe?" akasema. "Niliomba uje wewe."

Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Kisha akaketi kwenye mchanga, mgongo umeegemea tairi.

"Siku ile tulipompeleka mama yako, mimi nilikuwa nyuma, nimeshika jeneza upande wa miguu. Tulipofika mwisho wa mji, penye minazi, hili gari lilisimama. Injini inanguruma. Gia imeingia. Matairi hayana kinachoyazuia. Haliendi. Dereva akasema tushuke, tukashuka sote, baba yako pia, akabaki yeye na marehemu. Haliendi."

Nikasikiliza. Hilo nalijua kufanya.

"Wenzangu wanasoma dua. Mimi nikapanda kwenye bampa la nyuma, nikainama. Nikamwambia mama yako, usimngoje mtoto. Mtoto yuko nyumbani kwa bibi yake, amekula, ametulia. Nenda. Gari likaondoka, mimi ningali nimesimama, nusura nianguke." Akapangusa vidole kwenye suruali, kimoja kimoja. "Sasa mwanangu, mimi nilikuwa sijui uko wapi. Sikuwa nimekuona tangu asubuhi. Nimemdanganya mtu ambaye hawezi kurudi kuniuliza. Nimelifungua gari hili mara tatu baada ya hapo, breki, klachi, difu. Sikupata kitu. Siwezi kuvuka na hilo. Niambie. Ulikuwa wapi?"

Grisi ilikuwa inadondoka kutoka kwenye pampu, tone, tone.

"Nilikuwa nyuma yenu," nikasema.

Hakutikisika.

"Niliwatoroka wanawake jikoni. Nikawafuata kwa mbio. Niliwaona mmeshuka. Nilikuwa nyuma ya mnazi, karibu, ningepiga kelele mngenisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikageuka."

"Uligeuka gari limeshaondoka au bado?"

"Bado. Nilipiga hatua chache za kurudi ndipo nikasikia linaondoka."

"Ulikuwa unarudi wapi?"

"Kwa Bibi."

Akavuta pumzi, akaishika, akaiachia polepole, na mabega yake yakashuka nayo. "Basi," akasema. "Basi, sikumdanganya. Alhamdulillahi." Akajivuta tena chini ya gari, nikasikia anaendelea na kazi, na baada ya kitambo anaimba kwa ndani kitu kisicho na maneno. Sijawahi kumsikia akiimba.

Yeye ameondoka na mzigo mwepesi, nami nafurahi. Lakini kuna moja hakuniuliza, na Baba hajaniuliza mpaka leo, kwa nini niligeuka, na kwa nini katika magari mawili nilichagua Inna. Nimelala na jibu hilo tangu wiki iliyopita. Pikapu ilivunjika ikamwacha Mama njiani. Inna ilisimama ili nifike. Na mimi niliwaona wanaume wengi vile, nikaona aibu, nikageuka.